Timu Isiyoshuka Daraja

Katika msimu wa 2024 timu ya besiboli ya Chicago White Sox ilicheza mechi 162, ikashinda 41 na kupoteza 121. Tangu mwaka 1900, ambao wanahistoria wa mchezo huo huuchukua kuwa mwanzo wa zama zake mpya, hakuna timu ya ligi kuu ya Marekani iliyofungwa mara nyingi kiasi hicho ndani ya msimu mmoja. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa ya New York Mets ya mwaka 1962, iliyopoteza mechi 120. Lakini Mets ile ilikuwa na udhuru: klabu ilikuwa katika msimu wake wa kwanza, na kikosi kiliokotezwa kutoka kwa wachezaji ambao klabu nyingine zilikuwa tayari kuwaachia. White Sox haikuwa na udhuru huo. Iko ligi kuu tangu 1901, ina makao katika jiji la tatu kwa ukubwa Marekani, na miaka mitatu tu kabla ya aibu hiyo ilikuwa imeongoza kundi lake kwa kushinda mechi 93.

Namna timu kama hiyo inavyofika chini kiasi hicho inaweza kuelezwa kwa takwimu, na takwimu zipo tele. Hapa inafuatwa kwa njia ndefu zaidi, kupitia kumbukumbu za shabiki mmoja mzaliwa wa Tanga, aliyehamia Chicago mwaka 2004 na kuendesha teksi huko kwa miaka mingi. Maoni yake mengi yalikuwa na makosa, na makosa yenyewe yalikuja kwa mpangilio: alianza kwa kuwalaumu wachezaji, akahamia kwa kocha, kutoka hapo akamgeukia msajili, na mwisho kabisa ndipo alipomfikia mwenye timu na kanuni zinazomkinga. Mpangilio huo ndio unaofanya kumbukumbu zake zifae kusimuliwa.

Utotoni alikuwa akipelekwa Mkwakwani na mjomba wake kuitazama Coastal Union, iliyotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988. Besiboli aliikuta Chicago kama kelele za redio kwenye foleni ya teksi ya uwanja wa ndege wa Midway. Dereva mwenzake, mzee aliyezaliwa South Side, ndiye aliyemfungulia fumbo: timu mbili hupokezana kupiga kwa awamu tisa, mtupaji hurusha, mpigaji akikosa mara tatu ametoka, na sare hakuna, hata ikibidi kucheza hadi usiku wa manane. Mzee huyo alimfundisha pia kuandika mechi kwa penseli, kila mpigaji na kisanduku chake, ili anayefungua daftari miaka kumi baadaye aweze kuiona mechi nzima ikipita mbele yake. Ni desturi ya zamani ya mashabiki wa mchezo huo, na inataka uvumilivu ambao mpira wa miguu hauudai. Daftari za dereva wa Tanga bado zipo. Kwenye jalada la ndani la kila moja aliandika kitu alichokitarajia kwa msimu huo.

Alianza vizuri mno, na hiyo ikawa bahati mbaya yake. Mwaka 2005, msimu wake wa pili wa kufuatilia, White Sox ya kocha Ozzie Guillén ilishinda mechi 99, ikapoteza moja tu kati ya 12 za mtoano, na kuichapa Houston Astros mechi nne kwa bila katika fainali. Ulikuwa ubingwa wa kwanza tangu 1917. Mechi ya tatu ya fainali ilikwenda awamu 14 na kuamuliwa na mpigo wa Geoff Blum, mchezaji wa akiba aliyesajiliwa katikati ya msimu. Dereva aliisikiliza akiwa ameegesha gari, taa ya paa imezimwa, abiria wakipita. Kutokana na msimu huo alijifunza somo la uongo, kwamba timu hii hushinda, na kwamba ikishindwa kuna mtu mmoja mvivu uwanjani wa kutafutwa.

Kwa hiyo miaka iliyofuata ilikuwa ya kuwatafuta wavivu. Msimu wa 2013, ulioisha kwa vipigo 99, daftari lake limejaa majina yaliyopigwa mstari. Hakuna haja ya kukaa sana hapo. Kulaumu wachezaji ndiyo hatua ya kwanza ya kila shabiki popote, nayo ina kasoro moja: mchezaji hajichagui. Aliyewekwa nafasi asiyoiweza ataonekana mzembe kila siku, na jukwaa litamzomea badala ya kumuuliza aliyempanga, au aliyemleta.

Mwaka 2016 ndio uliobadilisha mambo, huku na kule. Mwezi Juni, White Sox ilimpeleka San Diego kijana wa miaka 17 ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya kulipwa, ili kumpata mtupaji mkongwe James Shields. Kijana huyo alikuwa Fernando Tatis Jr., ambaye mwaka 2021 San Diego ilimpa mkataba wa miaka 14 wa dola milioni 340. Shields hakuisaidia timu. Mwezi Julai, Chris Sale, mtupaji bora wa klabu, alizikatakata jezi za mtindo wa 1976 ambazo timu ilipangiwa kuvaa siku hiyo, kwa hoja kwamba hazikumkaa vizuri wakati wa kutupa. Alifungiwa siku tano. Klabu ambayo nyota wake anakata jezi na msajili wake anatoa chipukizi kwa wakongwe ilikuwa imepoteza dira, na wakubwa wake walilitambua hilo. Desemba walimuuza Sale kwa Boston na siku iliyofuata Adam Eaton kwa Washington, wote wawili kwa kubadilishana na makinda. Kazi ya kujenga upya ilikuwa imeanza.

Mwaka huohuo, kwa bahati iliyomgusa dereva huyu kuliko jirani zake wa Chicago, Coastal Union, African Sports na Mgambo zilishuka daraja pamoja. Tanga nzima ilibaki bila timu Ligi Kuu. Simu kutoka nyumbani zilikuwa kama za msiba. Coastal ilirudi baada ya misimu miwili, ikiwa imecheza kwenye viwanja ambavyo watu wake walikuwa wamevisahau na kukutana na timu ambazo zamani haikuzihesabu. Kwa shabiki wa aina hii kufungwa ni kitu chenye bei, na bei hulipwa hadharani.

Besiboli ya Marekani haina bei hiyo. Timu 30 za ligi kuu ni zilezile mwaka hadi mwaka, ziwe zimeshinda mechi 110 au 40. Inayoshika mkia hugawiwa fedha za televisheni za ligi kama nyingine, na kwa muda mrefu ilizawadiwa kwa kupewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana katika drafti ya mwaka unaofuata. Ndani ya utaratibu kama huo kufungwa kunaweza kugeuzwa kuwa mkakati. Houston ilipoteza mechi 106, 107 na 111 katika misimu mitatu mfululizo kuanzia 2011, ikakusanya vijana, ikawa bingwa 2017. Chicago Cubs, watani wa upande wa kaskazini wa jiji hilohilo, walipoteza 101 mwaka 2012 na kutwaa ubingwa 2016. Kwa hiyo White Sox ilipowaambia watu wake wavumilie, ilikuwa ikionyesha kidole upande wa pili wa mji.

Dereva alikubali. Zaidi ya kukubali, aliingia kwenye mpango huo kwa shauku ya mtu anayenunua kiwanja kisicho na barabara. Jalada la daftari la 2017 lina majina ya makinda: Yoán Moncada na Michael Kopech waliotoka Boston, Lucas Giolito na Reynaldo López waliotoka Washington, kisha, kuanzia Julai, Eloy Jiménez na Dylan Cease waliotoka Cubs kwa kumtoa José Quintana. Chini yake kuna Luis Robert, Mcuba aliyelipwa dola milioni 26 za kusaini. Timu ilipoteza mechi 95 mwaka ule na 100 mwaka uliofuata, naye hakununa hata kidogo. Alikuwa akifuatilia matokeo ya ligi za chini, za miji midogo ambayo hajawahi kuiona, kama mzazi anayefuatilia mitihani ya mtoto aliye bweni.

Ikumbukwe kwamba mauzo yenyewe hayakuwa mabaya. Wengi wa vijana hao walikuja kuwa wachezaji wa kweli. Mpango ulikwama kwenye nusu yake ya pili, ambayo shabiki hakuiwazia kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ipo. Kujenga upya kuna kuuza, na kuna kununua. Vijana sita wazuri hawajazi kikosi cha watu 26. Wakishakomaa, klabu inapaswa kuingia sokoni na kuziba matundu kwa fedha, kama Houston na Cubs walivyofanya, na hapo ndipo White Sox ilipokunja mkono.

Kisa cha Manny Machado kinaeleza hilo vizuri kuliko hesabu yoyote. Majira ya baridi ya 2018 kuelekea 2019, Machado, mmoja wa wachezaji bora wa umri wake, alikuwa huru, na White Sox ilisema inamtaka. Ili kumvuta ikamchukua shemeji yake, Yonder Alonso, kutoka Cleveland; halafu ikamsajili rafiki yake, Jon Jay. Mtu wa pwani anaielewa mbinu hiyo bila kufafanuliwa: ukitaka mwari, anza kwa wajomba. Lakini hata wajomba hatimaye huuliza mahari. San Diego iliweka mezani dola milioni 300 kwa miaka 10, White Sox haikufika hapo, na Machado akaenda California. Chicago ikabaki na shemeji, ambaye hakumaliza hata msimu. Dereva alicheka alipoisoma habari hiyo, kisha akaandika kwenye daftari kwamba labda ni afadhali, fedha zitatumika kwingine. Hazikutumika. Hadi msimu wa 2024 unaanza, mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya klabu ulikuwa wa dola milioni 75 kwa miaka mitano, aliopewa Andrew Benintendi mwanzoni mwa 2023, mchezaji wa kati kwa viwango vya ligi. Msimu wake wa kwanza alivusha mpira nje ya uzio mara tano tu.

Kikosi chenyewe kilikuwa na ubovu wa umbo ambao ulionekana hata wakati wa raha. Kilijaa wapigaji wazito, karibu wote wa mkono wa kulia, ambao mahali pao pa kawaida ni besi ya kwanza, nafasi isiyodai mbio. Wote hawawezi kusimama besi ya kwanza. Andrew Vaughn, aliyechaguliwa wa tatu katika drafti ya 2019 kama mchezaji wa nafasi hiyo, alipandishwa ligi kuu mwaka 2021 na kupelekwa kulinda uwanja wa nje, kwa sababu José Abreu alikuwa tayari amepakalia. Jiménez, mpigaji hodari na mlinzi wa mashaka, aliumia vibaya kifuani Machi 2021 akirukia mpira uliokuwa ukivuka uzio, tena katika mechi ya majaribio. Kila aliyeketi jukwaani alijua kwamba timu inahitaji mlinzi halisi wa upande wa kulia na mtu wa besi ya pili. Misimu ilipita mmoja baada ya mwingine, na nafasi hizo zikawa zinazibwa kwa viraka.

Hata hivyo vipaji vilitosha kwa muda. Mwaka 2020, msimu uliofupishwa na korona, timu ilishinda 35 kati ya 60 na kuingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2008. Kocha, Rick Renteria, akaachishwa kazi. Aliyechukua nafasi yake ni Tony La Russa, mwenye umri wa miaka 76, ambaye hakuwa amefundisha tangu 2011. Sifa zake zilikuwa kubwa, ubingwa mara tatu na klabu nyingine, lakini sababu ya kurudi kwake ilikuwa ya miaka 34 nyuma: White Sox ilimfukuza 1986, na mmiliki Jerry Reinsdorf alikuwa amesema mara nyingi kwamba anajutia uamuzi ule. Mmiliki alilipa deni lake la moyoni, na gharama ikabebwa na kikosi cha vijana.

Hapa dereva aliingia hatua ya pili, ya kumlaumu kocha, na kusema kweli kocha alimpa sababu. Mechi 93 za ushindi mwaka 2021 ziliishia mikononi mwa Houston katika raundi ya kwanza. Halafu, Juni 2022, dhidi ya Los Angeles Dodgers, mpigaji Trea Turner alikuwa ameshapata straiki mbili, yaani amebakiza moja tu atoke, La Russa alipoamuru apewe besi ya bure ili atupiwe anayemfuata. Sauti ya mtu wa jukwaani ilisikika kwenye televisheni ikimkumbusha kocha kwamba huyo tayari ana straiki mbili. Anayemfuata, Max Muncy, aliuvusha mpira nje na kuingiza pointi tatu. Ukurasa wa mechi ile umetobolewa na penseli. La Russa aliondoka Agosti kwa sababu za afya, timu ikamaliza 81 kwa 81, na dereva aliamini tatizo limekwisha.

Msimu wa 2023, chini ya kocha mpya Pedro Grifol, ulileta vipigo 101. Agosti, Ken Williams na Rick Hahn, waliokuwa wakisimamia usajili tangu enzi za ubingwa, walifukuzwa siku moja. Hatua ya tatu, ya kumlaumu msajili, ilikuwa imetimizwa na mmiliki mwenyewe, na kwa siku tisa mashabiki walikuwa na matumaini: labda ataletwa mtu kutoka Los Angeles, Tampa au Atlanta, klabu zinazojulikana kwa kulea vijana. Siku ya kumi akatangazwa Chris Getz, aliyekuwa msimamizi wa ligi za chini za White Sox yenyewe. Hakuna mtu wa nje aliyesailiwa. Reinsdorf alieleza kwamba alitaka kwenda haraka. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwa kawaida hutunzwa kwa kucheza vizuri, na idara ya kulea makinda ndiyo iliyokuwa imelalamikiwa zaidi.

Getz alianza kwa ukweli ambao mashabiki hawakuuzoea: alisema hadharani kwamba haipendi timu yake ilivyo. Machi 2024, wiki mbili kabla ya msimu, alimpeleka Cease San Diego. Kikosi kilichobaki kilijazwa wakongwe wa bei nafuu waliosifiwa kwa ulinzi na uzoefu, wengi wao wakiwa na historia na Kansas City, klabu ambako Getz na Grifol waliwahi kufanya kazi. Jiménez, Robert na Moncada, nguzo tatu za mpango wa 2016, waliumia wote kabla ya katikati ya Aprili. Moncada alicheza mechi 12 tu mwaka mzima. Timu ilishinda 3 kati ya 25 za mwanzo.

Kufungwa kwa namna ile kuna utaratibu wake, na daftari linaueleza vizuri. Hakukuwa na vipigo vikubwa kila siku. Mtupaji wa kuanza, mara nyingi Garrett Crochet, ambaye hakuwahi kuanza mechi ya ligi kuu kabla ya mwaka huo na bado akatoa wapigaji 209, angeizuia timu pinzani hadi awamu ya tano au ya sita. Pointi zingekuwa mbili kwa moja. Kisha angetoka, wangeingia watupaji wa akiba, na mechi ingeyeyuka ndani ya dakika ishirini. Mpira rahisi ungedondoshwa, mkimbiaji angenaswa kati ya besi, na wapigaji watatu wa mwisho wangetoka kwa mipira kumi. Kwa msimu mzima timu iliingiza pointi 507 na kuruhusu 813. Tofauti ya pointi 306 ni karibu mbili kwa kila mechi, na mbili ndizo hasa zinazotenganisha mechi ya kugombania na mechi ya kuvizia bahati.

Mwezi Mei ulianza mfululizo wa vipigo 14, na kuanzia Julai 10 ukaja wa vipigo 21, sawa na rekodi ya American League, tawi la ligi kuu ambamo White Sox hucheza, iliyowekwa na Baltimore mwaka 1988. Ulivunjika Agosti 6 mjini Oakland, kwa ushindi wa 5 kwa 1. Siku mbili baadaye kibarua cha Grifol kikaota nyasi. Dereva alikuwa amelidai hilo tangu Mei, kwenye kila foleni na kwa kila abiria aliyekuwa radhi kusikiliza. Lilipotokea alifanya hesabu ambayo ilimnyamazisha. Grifol aliondoka na ushindi 28 na vipigo 89. Grady Sizemore, aliyeshika nafasi kwa muda, alimaliza na 13 kwa 32. Kwa mwendo wa Grifol mechi hizo 45 zingeleta ushindi 11. Kumfukuza kocha kulikuwa na thamani ya mechi mbili.

Wakati huohuo majina ya jalada la 2017, pamoja na la Sale aliyeuzwa kabla yake, yalikuwa yakisikika kwingine. Sale, akiwa Atlanta, alitwaa tuzo ya mtupaji bora wa National League. López, katika timu hiyohiyo, aliitwa kwenye mechi ya nyota. Cease, Julai 25, aliizuia Washington mechi nzima bila kuiruhusu mpigo mmoja salama. Kopech, aliyeuzwa mwishoni mwa Julai, alimaliza mwaka akiwa bingwa na Dodgers. Kipigo cha 120, kile cha kuifikia Mets, kilipokelewa Septemba 22 mjini San Diego, nyumbani kwa Tatis, Machado na Cease. Mtunzi wa riwaya angeambiwa amezidisha.

Wiki ya mwisho ya nyumbani ilifundisha jambo ambalo halimo kwenye jedwali. Los Angeles Angels walikuja kwa mechi tatu, na kipigo kimoja tu kilitosha kuweka rekodi. Uwanja uliokuwa mtupu tangu Aprili ulipata watu. Baadhi walikuja kuiombea timu ishindwe, ili angalau wawe wameshuhudia historia. Wengine walikuja kama watu wanavyokwenda kumpa pole jirani. Makundi yote mawili yaliimba neno moja, kumtaka mmiliki auze timu. Timu ikashinda mechi zote tatu. Dereva alikuwepo ya kwanza, na alijikuta amesimama anashangilia ushindi usiokuwa na maana yoyote, sauti ikiwa imekauka kwa kuimba dhidi ya mwenye timu nusu saa kabla. Hakuona mgongano. Klabu na mmiliki wake vilikuwa vimetengana kichwani mwake tangu kiangazi. Rekodi ilikuja Septemba 27 huko Detroit, 4 kwa 1, usiku uleule ambao Detroit ilikata tiketi ya mtoano.

Kilichofuata ndicho kilichomfikisha hatua ya mwisho. Kwa mantiki ya zamani, timu iliyopoteza 121 ingechagua kijana wa kwanza katika drafti ya 2025. Lakini ligi, kwa kutaka kuwakomesha wanaofungwa kwa makusudi, ilikuwa imeanzisha bahati nasibu, na pamoja nayo kanuni kwamba klabu ya soko kubwa, inayochangia mfuko wa kusaidia klabu ndogo, haiwezi kuingia bahati nasibu miaka miwili mfululizo. White Sox ilikuwa imeshachagua ya tano mwaka 2024. Ikawekwa ya kumi. Vipigo 121, rekodi ya zaidi ya karne, havikununua chochote. Adhabu hiyo, kwa macho ya mtu wa Tanga, ilikuwa ya ajabu: iliwaangukia makinda wajao na mashabiki wao, wala haikumgusa mwenye klabu, ambaye mali yake ilibaki ligi kuu ikiwa na thamani ileile. Desemba, Crochet naye akapelekwa Boston kwa makinda wanne. Boston, kama Sale.

Reinsdorf na wenzake waliinunua White Sox mwaka 1981 kwa takriban dola milioni 20. Mwaka 1988 klabu ilikuwa ukingoni mwa kuhamia St. Petersburg, Florida, hadi bunge la Illinois lilipopitisha fedha za umma za uwanja mpya usiku wa Juni 30, saa ya ukumbini ikiwa imesimamishwa ili muda wa mwisho usipite. Uwanja huo ulifunguliwa 1991 mkabala na ule wa zamani, ambao leo ni maegesho ya magari yenye alama ya marumaru mahali alipokuwa akisimama mpigaji. Wakongwe wa foleni ya Midway walikuwa wamemsimulia dereva kisa hicho tangu 2004. Alikisikia kama hadithi ya majengo. Baada ya 2024 alikisikia upya, kama maelezo ya nani anayeweza kumlazimisha nani.

Msimu wa 2025, chini ya kocha Will Venable, ulikuwa wa vipigo 102, wa tatu mfululizo kuvuka 100. Ulikuwa na nuru zake: Colson Montgomery alivusha mipira 21 nje ya uzio katika nusu msimu, na Papa mpya, Leo XIV, mzaliwa wa Chicago, aligundulika kuwa mmoja wa waliokuwa jukwaani kwenye mechi ya kwanza ya fainali ya 2005. Lakini habari kubwa zaidi ilitoka Juni, ofisini. Reinsdorf alikubaliana na mwekezaji Justin Ishbia kuhusu urithi wa klabu: kati ya 2029 na 2033 Reinsdorf anaweza kumuuzia udhibiti akitaka, na baada ya msimu wa 2034 Ishbia atakuwa na haki ya kuununua. Mkataba wa uwanja nao unakwisha 2029.

Jalada la ndani la daftari la mwaka huo halina jina la mchezaji yeyote. Lina namba mbili, 2029 na 2034, na ya pili imezungushiwa duara.